Rupia ya Bibi: Tusiuze Tusichokijua

Safari hii tungependa tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho huenda kimo ndani ya nyumba zetu na hatujawahi kukikalia kitako. Kimo chini ya sanduku la bati la mama mkwe, au ndani ya kopo la maziwa lililotiwa vifungo vya nguo na sindano, au kimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Ni sarafu nzito ya fedha, imepiga weusi, ina kichwa cha mwanamume mwenye masharubu na kofia ya vita. Wazee wanaiita rupia ya Mjerumani.

Kwa nini tuizungumze leo? Kwa sababu sarafu hizi zimeanza kutuletea maneno majumbani. Wapo vijana wanaopita mtaa kwa mtaa wakiziulizia. Wapo ndugu waliokosana msibani kwa sababu yake. Na wapo akina mama waliopoteza akiba zao. Chanzo cha yote ni kimoja: hatujui tulicho nacho. Basi hebu tukifahamu kwanza, halafu tutaona la kufanya.

Kasumulu yetu na fedha za pande mbili

Sisi wa Kasumulu tumezoea kuhesabu fedha za namna mbili. Mama anayeuza mchele, mawese au ndizi sokoni anajua bei kwa shilingi na anajua bei kwa kwacha, na kila asubuhi huuliza leo kwacha imesimamaje. Jambo hili si geni. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi, mto Songwe uliwekwa kuwa mpaka. Tangu hapo ng'ambo ya mto ilitumika fedha ya Mwingereza, na upande wetu ikaja rupia.

Rupia yenyewe ilitoka India. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiitumia zamani, yenye sura ya Malkia Victoria. Wajerumani walipoanza kutengeneza ya kwao mwaka 1890 waliipa uzito uleule na fedha ileile, maana walijua watu hawaachi mara moja fedha waliyoizoea.

Ilifikaje kwa bibi zetu, ambao mali yao ilikuwa ng'ombe, majembe na migomba? Ilifika kwa kodi. Serikali ya Wajerumani ilidai kodi, na kufikia mwaka 1905 mwanamume alitakiwa alipe rupia 3 taslimu. Rupia haiotei shambani. Ilibidi mtu akabebe mizigo, au akauze mazao, au akafanye kazi ya mshahara, ndipo aipate. Kwa hiyo rupia moja iliyobaki nyumbani baada ya kodi ilikuwa ni jasho la siku nyingi. Ndiyo maana ilifungwa kwenye pindo.

Jinsi ya kuitambua

Mama, ichukue hiyo sarafu uende nayo mwangani. Usiisugue. Itazame tu, pande zote mbili.

Upande mmoja utaona kichwa cha Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani, mwenye kofia ya chuma iliyopambwa kwa tai. Upande wa pili ndio unaosema umri. Ukiona simba na mnazi, hiyo ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nayo ilitengenezwa kati ya 1890 na 1902. Ukiona neno RUPIE na mwaka, pamoja na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, hiyo ni ya serikali yenyewe, ya kuanzia 1904 hadi 1914. Pengine utakuta herufi ndogo A au J. A ni ya kiwanda cha Berlin, J ni ya Hamburg.

Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa kama sentimita 3. Katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha halisi. Ilikuwepo pia nusu rupia, yenye gramu 5.83, na robo rupia, yenye gramu 2.9. Ilikuwepo na rupia 2, kubwa na nzito, lakini hiyo ilitolewa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894.

Zile nyekundu si fedha. Pesa ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili ni ya miaka ya 1890 hadi 1892. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia moja ikawa na heller 100. Heller hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, na baadhi zina tundu katikati. Hapo tujifunze kidogo: neno letu "hela" ndilo hilo heller la Kijerumani. Kaisari aliondoka zamani, lakini kila tunapomwuliza mtoto "hela ya daftari iko wapi?" tunaitaja sarafu yake.

Si kila sarafu nyeupe iliyomo koponi ni ya Mjerumani. Wapo babu zetu waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya. Wengine walikwenda migodi ya Afrika Kusini kwa njia ya Wenela, wakarudi na sarafu za huko zenye sura ya Mfalme George. Na ipo shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, iliyoanza 1921. Hiyo kwa miaka mingi ilikuwa na fedha robo tu, robo tatu zilikuwa madini mengine. Kwa hiyo tusiseme "zote ni fedha". Tusome mwaka, tusome maneno, tupime.

Kwa nini bibi aliificha

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka kutoka kusini, na kabla ya mwezi kwisha yalikuwa yameingia Tukuyu, ambayo wakati ule iliitwa Neu-Langenburg. Wakati wa vita Wajerumani walipoishiwa sarafu walichapa noti za karatasi humuhumu nchini. Vita ilipokwisha, mwenye noti hizo alibaki na karatasi. Aliyekuwa na rupia ya fedha alibaki na fedha. Bibi hakusoma uchumi, lakini hilo alilielewa.

Na si bibi zetu peke yao. Kule Urusi, Kaisari Nicholas II aliondolewa katika kiti chake mwaka 1917, na Wilhelm wa Ujerumani akafuata mwaka 1918. Kule nako rubli za fedha zenye kichwa cha Kaisari, kila moja ikiwa na gramu 18 za fedha halisi, zilifichwa na akina mama sakafuni na ndani ya kuta. Leo wapo watu duniani kote wanaozikusanya, kama wengine wanavyokusanya stempu. Watu wa namna hiyo ndio wanaotafuta na rupia zetu. Kukusanya si dhambi wala si uchawi. Ni kazi ya elimu na ya subira, na mwenye kuifanya kwa uaminifu huhifadhi historia.

Kongwe si lazima iwe adimu

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunasema, "Sarafu hii ina miaka zaidi ya 100, lazima ni mamilioni." Sivyo. Bei ya sarafu ina nguzo tatu: fedha iliyomo, uchache wake, na hali yake.

Fedha iliyomo tunaweza kuihesabu wenyewe. Rupia nzima ina kama gramu 10.7 za fedha halisi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gramu moja ni shilingi 3,000. Basi fedha iliyomo ni shilingi 32,100. Bei ya fedha hupanda na kushuka, kwa hiyo ulizia ya siku hiyo kwa sonara zaidi ya mmoja. Huo ndio msingi. Chini ya hapo sana unaibiwa. Juu ya hapo sana, jiulize ni kwa nini.

Uchache ndio unaoongeza. Mwaka 1916, bahari ikiwa imefungwa na vita, Wajerumani walitengeneza huko Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke. Hiyo inatafutwa sana, na kwa sababu hiyohiyo inaigizwa sana. Huko Urusi ipo rubli ya 1825 yenye sura ya Konstantin, mtu aliyetazamiwa kuwa Kaisari lakini akakataa, kiti kikachukuliwa na mdogo wake Nicholas. Zilizopo hazifiki 10. Kitu kama hicho ndicho adimu kweli. Rupia ya kawaida ya mwaka wa kawaida ni kitu chema, lakini haitakujengea nyumba.

Hali ni nguzo ya tatu. Sarafu iliyokwisha sura, au iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, mkusanyaji hailipii sana. Fedha yake ipo palepale, ila nyongeza inapungua.

Mtego wa watu wawili

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza. Mtego wenyewe unakwenda hivi, nasi tunauandika wote ili kila mama autambue mapema.

Anakuja kijana nadhifu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Anaeleza kwamba ana mzungu au tajiri mkubwa anayetafuta rupia ya simba, na kwamba moja atalipa shilingi milioni 20. Anaacha namba ya simu, anaondoka. Baada ya siku mbili tatu anapita mtu mwingine kabisa, amechoka, amevaa ovyo. Anasema ametoka kulima shamba, amechimbua sarafu, mtoto wake ni mgonjwa, anataka shilingi milioni 2 tu. Mama anapiga simu kwa yule wa kwanza. "Ndiyo hiyohiyo mama, ichukue, nakuja kesho." Mama anakwenda kwenye fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa, au anauza magunia ya mpunga, au anachukua ada ya mtoto. Ananunua. Kesho yake simu haipatikani.

Watu wale walikuwa wawili, lakini mfuko wao ulikuwa mmoja. Sarafu ile ilikuwa bati lililopakwa rangi.

Tumezungumza na mama mmoja aliyepatwa na hayo, jina lake tunalihifadhi. Hakulia sana kwa ajili ya fedha. Alituambia kilichomchoma ni kwamba fedha ile ilikuwa ya wenzake 14, na kwamba kwa wiki tatu hakuthubutu kumwambia mumewe. Usiku anapika, anacheka na watoto, lakini moyoni anaungua. Mwishowe alisema mwenyewe. Mume alinyamaza siku nzima, jioni akamwambia, "Tutalipa pamoja." Wanalipa mpaka sasa. Tunamshukuru kwa kuturuhusu tuandike.

Upo na uwongo mwingine, kwamba rupia ya zamani ina dawa ndani yake au zebaki ya ajabu. Uwongo huu hubadili nguo tu. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walilipa fedha nyingi kununua vyerehani vikuukuu vya Singer, kwa uvumi kwamba ndani ya sindano kuna zebaki nyekundu. Haikuwepo. Rupia nayo ni fedha na shaba kidogo, basi. Pia tunasikia hadithi za mali waliyofukia Wajerumani kwenye majabali na chini ya miti mikubwa. Watu wamechimba makaburi na kuharibu majengo ya kale kwa ajili hiyo. Mama, usimruhusu mwanao kwenda kwenye mashimo hayo. Udongo umekwisha kuwafukia watu.

Ya kufanya nyumbani

Kwanza, usiisugue. Tunajua mikono yetu. Tukiona kitu cheusi tunatafuta majivu, mchanga au limau, kama tunavyong'arisha sufuria. Weusi wa fedha ni ngozi yake, unakuja wenyewe kwa hewa na moshi. Mkusanyaji akiona imekwaruzwa, anapunguza bei papo hapo. Ikiwa na udongo, isuuze kwa maji safi, uikaushe kwa kitambaa laini kwa kuibonyeza, si kwa kuipangusa.

Pili, ihifadhi pakavu, mbali na moshi wa jikoni. Kila moja iwe ndani ya bahasha yake ya karatasi au kitambaa cha pamba. Usiifunge kwa raba.

Tatu, ipime. Mwombe sonara aiweke kwenye mizani yake mbele yako. Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo, lakini ikionyesha gramu 8 au 14, kuna jambo. Iweke na sumaku: fedha haivutwi. Lakini kumbuka kwamba shaba na bati nazo hazivutwi, kwa hiyo sumaku inamfichua mwongo mmoja, haiwafichui wote. Tazama herufi. Za kweli zina ncha kali. Za kumiminwa kwenye kalibu zina vitundu vidogo na ukungu, na mara nyingine mshono ukingoni.

Nne, ukitaka kuuza, usiuze siku ile ile unayoulizwa. Lala nayo. Mwambie mume, au mtoto mkubwa, au dada unayemwamini. Piga picha pande zote mbili. Uliza bei kwa watu watatu wasiojuana. Na ukitakiwa utoe fedha kwanza ili upate fedha, funga mlango.

Tano, tukumbuke sheria. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Kwa hiyo mtu akichimbua vitu vya kale shambani asiviuze gizani, aulize kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Na sisi tulio mpakani tuwe waangalifu zaidi: usikubali kumvushia mtu kifurushi daraja la Songwe kwa sababu tu amekuita mama.

Iandikwe jina

Sasa tufike kwenye lililo kubwa kuliko bei. Bibi anapofariki, vitu vyake vidogo hugawanywa haraka. Sufuria huyu, kanga yule. Kopo la vifungo hakuna anayeliuliza, mpaka kijana mmoja wa nyumbani analichukua kimyakimya na kuiuza rupia kwa bei ya soda mbili. Baadaye inajulikana, na hapo maneno yanaanza: "Ulikuwa unajua! Umekula mali ya ukoo!" Tumeona ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani.

Tunashauri hivi. Bibi angali hai, kaeni naye. Mwulize, mama, hii uliipata wapi? Aliyekupa ni nani? Mmoja atasema ni ya baba yake, aliyebeba mizigo ya Wajerumani. Mwingine atasema ni ya mumewe, aliyoirudisha kutoka safari ya migodini. Chukua daftari la mtoto, uandike maneno yake kama anavyoyasema, pamoja na jina lake, kijiji na mwaka. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na sarafu. Kisha bibi aseme mwenyewe mbele ya watoto wake ni nani atakayeitunza, au kama iuzwe, fedha zifanye nini. Neno la mwenye mali akiwa hai linazuia kesi nyingi.

Mkiamua kuuza kwa haki, kwa ajili ya ada au matibabu, hakuna ubaya. Fedha iliwekwa ili isaidie siku ya shida. Lakini karatasi ile isiuzwe. Rupia za Wilhelm zipo nyingi huko duniani. Habari ya babu yenu na siku alizobeba mizigo ili alipe kodi hazimo katika mkusanyo wa tajiri yeyote. Zikipotea kwenu, zimepotea.

Katika Luka 15 tunasoma habari za mama mwenye vipande 10 vya fedha aliyepoteza kimoja. Mara nyingi tunahubiriwa jinsi alivyofurahi alipokiona. Leo tumwangalie kwa jambo dogo zaidi: alijua ana vipande 10. Asingehesabu, asingejua kwamba kimoja hakipo, wala asingewasha taa kukitafuta.

Basi mama, jioni ya leo, kabla hujalala, lishushe lile kopo. Mwageni vilivyomo juu ya mkeka, wewe na watoto. Hesabuni. Someni miaka. Na kama bibi yuko chumba cha pili, mwiteni aje aketi nanyi.